Mafuta yametanda ubavuni: tafuta yanapotoka kabla hujashika sabuni

Vijana wa vyombo hapa Mombasa, wa taagi, wa mashua za uvuvi, wa meli ndogo za mwambao, huniuliza swali moja kwa namna nyingi: chombo chatoa mafuta, ama alamu hainyamazi, ama mapipa ya taka yamejaa na wakaguzi wako njiani, nifanyeje? Na mimi huwauliza kwanza, yatoka wapi? Manake nimekaa injini rumu miaka mingi na tabia nloiona ni ile ile, mtu akiona mafuta majini anakimbilia ndoo ya sabuni, akisikia alamu anatafuta waya wa kukata, akiona pipa limejaa anangoja giza. Yote matatu ni kuficha dalili, na ugonjwa umebaki pale pale ndani ya chombo.

Na hapa kwetu kuficha hakusaidii kwa sababu Kilindini, bandari yetu, si bahari wazi. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, yaingia mpaka hori ya Port Reitz, upande wa pili yazunguka mpaka hori ya Tudor, yapita katikati ya mikoko, alafu yakitoka hayatoki na kila kitu yalichoingia nacho. Wazee wa Makupa wakumbuka mafuta ya 1988 yaliyoua mikoko, na mwaka 2005 meli ya tanki ilimwaga mafuta ghafi bandarini na Port Reitz ikapakwa. Mkoko hupumua kwa mizizi inayotoka nje ya matope, ukiipaka mafuta umeuziba pua, na mafuta yakishashuka ndani ya matope yasiyo na hewa hukaa miaka. Kamba, kaa na samaki wadogo wanalelewa hapo hapo. Kwa hivo lita tano ulizozitoa usiku Mtongwe hazijaenda Bara Hindi, ziko kwenye mizizi huko ndani na wewe mwenyewe utazila.

Basi tuanze na dalili moja moja, nimezipanga vile ninavyoulizwa mara nyingi.

Dalili: utando wa rangi rangi majini kando ya chombo

Kwanza hakikisha ni mafuta. Ukiwa karibu na mikoko wakati maji yamekupwa utaona vidimbwi vina utando unaong'ara kama mafuta na si mafuta, ni vijidudu vya kwenye matope. Chukua kijiti uukate ule utando. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vipande vikakaa mbali mbali, hayo si mafuta ya mtu. Ukikatika kisha ukajirudia ukaungana tena, hayo ni mafuta, anza kazi.

Rangi na uzito vitakwambia mengi. Utando mwembamba wa rangi za upinde wa mvua, unaonuka, mara nyingi ni dizeli ama petroli. Matone mazito meusi yanayoganda kwenye ubavu ni mafuta mazito ya injini kubwa ama oili chafu. Oili safi ya manjano inayotoka kidogo kidogo nyuma karibu na rafadha, fikiria sili ya shafti. Oili nyembamba isiyo na masizi inayotoka juu, kutoka dekini, fikiria hosi ya haidroliki ya winchi ama kreni.

Alafu angalia yatoka wakati gani, na hapa ndo watu hukosea, wanatizama wapi bila kutizama lini. Ikitoka tu pampu ya ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, inapojiwasha yenyewe, tatizo liko ndani ya ngama na ile pampu ya otomatiki inakusaliti usiku umelala. Kwenye chombo kidogo hii ndo sababu namba moja wallahi, swichi ya kuelea inainuka maji yakijaa, haijui kama ni maji au ni dizeli, inatupa nje tu. Ukiwa gatini zima otomatiki uwe unapiga kwa mkono ukiwa umesimama hapo unaona, lakini usikiache chombo bila mtu kama kinavuja maana hapo utakizamisha. Ikitoka injini inapokuwa yaenda tu, pamoja na maji ya kupoza, kula ya oili, yaani kile kipoza-oili, imepasuka ndani na oili inapita kwenye maji. Ikitoka mvua inaponyesha, ni dekini, kuna mtu amemwaga na mvua inakosha kuteremka kwenye matundu ya maji. Ikitoka saa zote hata kila kitu kimezimwa, tizama tanki la juu la oili ya shafti kama linapungua, likipungua ilhali hakuna tone ndani ya injini rumu basi sili ya nje imechoka na hio ni ya kupandisha chombo.

Mashua za injini za kupachika zina jambo lao. Zile tu-stroku huchoma oili pamoja na petroli na sehemu ya mchanganyiko hutoka bila kuungua, kwa hivo utando kidogo nyuma ni maumbile yake, ila ukiona moshi mwingi na utando mkubwa basi mchanganyiko umezidi oili. Injini nyingi zataka 50 kwa 1, yaani oili lita moja kwa petroli lita 50, lakini kijana anamimina kwa macho, "tia tia, iendelee kuwa laini", na anaharibu plagi zake na bahari pamoja. Pima kwa chupa yenye alama. Na ukiwa wabadilisha injini, fo-stroku haina habari hii.

Sasa kuhusu sabuni. Ukimwagia sabuni ya vyombo mafuta yanayoelea, yatapotea machoni, ndio. Yamekatwa vitone vidogo vidogo yakashuka, na pale chini ndipo kuna matumbawe na majani ya bahari. Yakiwa juu angalau jua na upepo vyayafanyia kazi na mtu aweza kuyazoa. Ndo maana hata dawa rasmi za kutawanya mafuta hazimwagwi bila ruhusa ya mamlaka, na sisi tuna hifadhi ya bahari hapo Nyali mpaka Bamburi tangu 1986. Kwa utando mdogo twaa pedi za kufyonza, zile zinazokunywa mafuta na kukataa maji, uzungushe kamba kuzuia yasisambae, alafu pedi zikishajaa zaingia pipa la taka zenye mafuta.

Dalili: ngama yajaa haraka kuliko zamani

Hii ndo mama wa matatizo yote, kwa sababu maji ya ngama yakiwa kidogo huna cha kutoa, na yakiwa mengi kila siku utajaribiwa. Wazee wa majahazi walikuwa wakijua chombo chao kwa hesabu ya kufua maji, mara ngapi kwa siku, ikizidi wanatafuta upenyo na kuukalafati. Meli ya chuma pia ni hivo hivo, jua kiasi chako cha kawaida. Pima kila asubuhi uandike.

Ikizidi, kausha ngama kabisa, pangusa kwa tambara mpaka ing'are, weka vipande vya kadibodi nyeupe chini ya kila pampu, kila kula, kila flenji (maungio ya paipu), ukalale. Asubuhi kadibodi itakusemea. Doa la maji lenye chumvi nyeupe pembeni ni maji ya bahari, angalia gilandi ya pampu, kile kifungio kinachozuia maji pale shafti inapopita. Doa lenye rangi ya kijani ama la waridi ni maji ya kupozea yenye dawa. Doa jeusi ni oili ya injini. Kwenye mashua za mbao na meli ndogo zenye shafti ya kupozwa na maji, gilandi ya shafti yatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika ikizunguka, ikitiririka imelegea, na ukiikaza mpaka ikauke kabisa utaichoma shafti, kwa hivo iache idondoke kidogo lakini uiwekee trei yake isichanganyike na oili ya injini.

Hilo la kutenga ndo siri kubwa. Maji safi yanayovuja yakiteremka kwenye ngama yenye oili, sasa yote yamekuwa taka. Lita 10 za oili zimechafua tani nzima ya maji ambayo yangebaki kuwa maji tu. Trei chini ya injini, trei chini ya pampu za mafuta, na paipu ya kila trei iende tanki lake. Nimeona meli ikipunguza maji ya ngama zaidi ya nusu kwa kubadilisha sili za pampu mbili na kuweka trei tatu, kazi ya siku moja na fiter mmoja, ilhali miezi mingi walikuwa wakigombana na separeta, ule mtambo wa kutenga mafuta na maji ya ngama, kila siku.

Dalili: separeta yapiga alamu ya ppm 15 na hainyamazi

Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndipo watu hupelekwa kortini.

Kwanza tuelewane hio 15 ni nini. Sheria ya MARPOL, ule mkataba wa dunia wa kuzuia meli kuchafua bahari, yasema meli ya tani 400 na zaidi haitoi maji ya injini rumu baharini mpaka yapite kwenye mtambo na yakitoka yawe na mafuta yasiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na meli iwe safarini yaenda, si imefunga gati ama iko nangani. Sehemu 15 kwa milioni ni mililita 15 ndani ya lita 1000 za maji, yaani vijiko vitatu vya chai kwenye tanki kubwa la maji la nyumbani. Ni kidogo sana. Kwa hivo separeta hailii kwa uchokozi, inalia kwa sababu kazi yake ni ngumu na wewe unailetea maji mabaya.

Kabla hujafungua bolti yoyote, fanya kipimo cha chupa. Chota maji ya tanki la ngama kwenye chupa ya glasi, weka mahali patulivu mpaka kesho. Kesho ukikuta mafuta yamepanda juu yakakaa peke yake na maji chini ni meupe, maji yako ni mazuri na separeta ndo mgonjwa. Ukikuta bado yako kama maziwa ama chai ya rangi ya maziwa, hayajaachana, separeta haina makosa, maji ndo yamevurugwa, na hata ukibadilisha filta kumi utatupa pesa.

Maji yakiwa kama maziwa, mwenye makosa ni sabuni karibu kila mara. Mtu ameosha sakafu za injini rumu kwa sabuni kali ya kukatia grisi na kuiteremsha ngamani. Separeta yategemea kitu kimoja tu, mafuta ni mepesi yatapanda juu, sasa sabuni imeyakata yakawa vitone visivyopanda. Kuna sabuni zilizotengenezwa makusudi, zinaachia mafuta baada ya muda mfupi, hizo ndo zinunuliwe, na hata hizo kidogo. Ama pangusa kwa tambara bila sabuni yoyote. Sababu ya pili ni pampu. Pampu ya kuzungusha kwa kasi inayosukuma maji kuyaingiza kwenye separeta inayakoroga kama mtu anayesaga embe, ndo maana mitambo mingi imewekewa pampu ya mwendo wa pole na nyingi huvuta kutoka upande wa kutokea. Ya tatu ni masizi na maji ya kuoshea tabo na boila, vumbi lake ni laini mno lapita kote. Na ya nne ni mfereji wa jikoni ama choo ulioingizwa ngamani na fundi mvivu.

Ukiwa nayo tayari maji ya maziwa, yaache yatulie kwenye tanki siku kadhaa, yapashe moto kama tanki lina koili, chota mafuta ya juu yapeleke tanki la slaji (masimbi ya mafuta machafu), na yakikataa kabisa, yashushe bandarini ulipe. Ni gharama lakini ni gharama inayojulikana.

Kama chupa imesema maji ni mazuri, sasa rudi kwenye mtambo. Anza na kile kifaa cha kupima mafuta chenyewe, usianze na separeta. Kipitishie maji safi ya bomba, chatakiwa kisome sifuri ama karibu. Kikisoma 8 ama 12 na ni maji safi ya kunywa, kioo chake cha ndani ni kichafu, kisugue kwa brashi yake, kama kimekwaruzika kibadilishwe. Kifaa hiki hupima kwa mwanga, kwa hivo vipovu vya hewa na vumbi la kutu navyo kitavisoma kama mafuta. Vipovu vinatoka wapi? Upande wa kuvuta, gasketi imelegea ama filta ya kuvutia haikufungwa vizuri, pampu inavuta hewa. Pakaa povu la sabuni nje ya maungio ukiisimamisha kwenye presha utaona linapopuliza. Kutu inatoka kwenye paipu fupi ya sampuli ambayo haijapigwa maji tangu ifungwe.

Kisha filta za kukusanya mafuta. Geji ya presha ikipanda kila siku zimeziba. Geji ikiwa chini kabisa kuliko kawaida na alamu yalia, filta imepasuka ama oringi yake haikukaa, maji yapita pembeni. Kisha valvu ya njia tatu, ile inayorudisha maji ngamani alamu ikilia. Ijaribu kila wiki kwa kuziba mwanga wa sensa, yatakiwa igeuke hapo hapo. Nyingi zimeshikwa na kutu zimebaki upande wa kutokea baharini, na hapo alamu yaweza kulia mpaka asubuhi na maji machafu yaenda zake.

Na kuna lile ambalo lazima niliseme wazi. Usiuachie mpira wa maji safi ukamiminika kwenye sampuli wakati separeta yaenda, ati isome sifuri. Usiweke paipu ya pembeni ya kuruka mtambo, ile wenyewe huiita paipu ya maajabu. Vifaa vipya vyaweka kumbukumbu ya miezi 18 ndani yake, saa, tarehe, alamu na separeta ilikuwa yafanya nini, na mkaguzi akisoma aona sifuri iliyonyooka masaa sita, na hakuna separeta duniani inayosoma sifuri iliyonyooka masaa sita. Mwaka 2016 kampuni ya Princess Cruises ilikubali kulipa dola milioni 40 huko Marekani kwa habari ya paipu kama hio, na aliyeifichua alikuwa ni injinia aliyeajiriwa karibuni kwenye meli ya Caribbean Princess. Kijana mgeni chomboni, akaona kitu si sawa akapiga picha akasema. Nawaheshimu sana watu kama huyo. Kama wewe ni mdogo injini rumu na chifu injinia akikwambia fungua flenji uweke paipu hio usiku, jua kuwa mwenye spana mkononi naye huhesabiwa.

Dalili: daftari na tanki havisemi kitu kimoja

Wakaguzi wa KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, wakipanda, na hata wa bandari nyingine za Bahari ya Hindi manake nchi zetu zina mkataba mmoja wa ukaguzi, wanafanya hesabu rahisi. Injini imechoma mafuta kiasi hiki, kwa kawaida ingezalisha slaji kiasi hiki, daftari la mafuta lasema kiasi gani, tanki lasema kiasi gani, risiti za kushusha zasema kiasi gani. Visipokutana wanateremka na tochi kutafuta bolti zilizokwaruzwa rangi kwenye flenji ambayo haina sababu ya kufunguliwa.

Mara nyingi mimi naona si wizi, ni uvivu wa kuandika. Mtu anapima tanki kila wiki kwa kukadiria, ananakili namba ya wiki iliyopita. Ama maji yanavukizwa kutoka tanki la slaji na hakuna aliyeandika. Ama slaji imechomwa kwenye inshineta, lile tanuri la kuchomea taka, na masaa hayakuandikwa. Pima kwa kamba, andika siku hio hio, saini. Ukikosea piga mstari mmoja juu ya kosa, ulichoandika kionekane chini yake, usipake wino mweupe. Daftari la mafuta lakaa chomboni miaka 3 tangu lilipoandikwa mwisho, la taka miaka 2.

Dalili: mafuta yatokea kwenye paipu ya hewa mkijaza

Simamisha kwanza, maswali baadaye. Neno la kusimamisha mlikubaliane na dereva wa lori ama watu wa baji ya mafuta kabla hosi haijafungwa, neno moja, na mtu mmoja asimame valvuni mkono juu yake. Sababu ni zile zile: valvu ya tanki lisilo lake imebaki wazi, kipimo cha kabla ya kujaza kilikuwa cha uongo, ama presha ilikuwa kubwa mwishoni wakati tanki laelekea kujaa. Usijaze kupita asilimia 90, punguza kasi mapema, pima kila dakika chache. Na yale matundu ya dekini yawe yamezibwa kabla, hili dogo ndo huokoa, mafuta yakimwagika dekini bado ni shughuli ya pampu na unga wa mbao, yakishapita tundu ni shughuli ya bandari nzima.

Yakifika majini usingoje kuona kama yataondoka na maji. Ita bandari kwa redio, chaneli 16, wakala wa meli aarifu KPA, mamlaka ya bandari, na KMA. Sema ukweli wa kiasi. Ukisema lita 20 na ni 500 watakuja na vifaa vya lita 20 na bamvua haingoji mtu arudi kuchukua vingine.

Dalili: mapipa ya taka yanuka na yamejaa kabla ya wiki

Chungulia ndani. Utakuta chakula ndani ya mfuko wa plastiki, mafuta ya kukaangia yamemwagwa juu yake, mkebe wa rangi, tambara la oili na betri. Hakuna atakayekipokea kitu hicho kwa urahisi na huwezi kukichambua tena. Dawa ni mapipa yenye rangi na picha, si maandishi tu manake mabaharia wetu watoka kila pembe, na pipa la chakula liwe karibu na mpishi kuliko pipa la plastiki, mtu hutupa karibu.

Plastiki baharini hapana popote, umbali wowote, na kamba za nailoni na nyavu ni plastiki, kichungi cha sigara pia. Mafuta ya kupikia hapana. Majivu ya inshineta hapana. Mabaki ya chakula, meli ikiwa yaenda: yakisagwa yapite tundu la milimita 25 ni kuanzia maili 3 za bahari kutoka nchi kavu, yasiposagwa ni maili 12, karibu kilomita 22. Nangani nje hapo ukingoja kuingia huhesabiwi kuwa waenda, kwa hivo yaweke chomboni. Chombo cha mita 12 na zaidi chatakiwa kiwe na bango la kuonyesha haya, na cha tani 100 kiwe na mpango wa taka ulioandikwa, na tangu Mei 2024 hizo tani 100 zenyewe zinazosafiri nje zataka daftari la taka pia.

Tambara za oili ziwe kwenye pipa la bati lenye kifuniko, zaweza kushika moto. Siongezi hapo.

Dalili: tanki la choo lanuka mayai viza

Mtambo wa maji ya choo una vijidudu hai vinavyokula uchafu na vyataka hewa. Kunuka mayai viza maana yake vimekufa. Ama blowa, feni ya kusukuma hewa, imesimama, sikiliza, weka mkono, ama mtu anaosha vyoo kwa jiki kila asubuhi na jiki imeviua. Badilisha sabuni, rudisha blowa, vipe wiki kadhaa vizaane. Na usitie kichwa kwenye tanki hilo kuangalia, ile gesi ikizidi pua yaacha kuisikia na hapo ndo inaua, watu wamekufa wawili watatu kwa kufuatana kumwokoa mwenzao.

Dalili: maji yamekuwa mekundu mkikwangua chombo

Ile ni rangi ya kuzuia chaza na majani, imetengenezwa iwe sumu. Zile za bati zilipigwa marufuku duniani 2008 lakini za shaba nazo si maziwa. Tandika turubai chini kabla maji hayajajaa, kusanya vumbi lote.

Dalili: injini yapata moto ghafla ukiwa katikati ya kivuko

Naiweka hapa manake wengi hawaihesabu kuwa ni habari ya taka. Geji ya moto yapanda, maji nyuma yamepungua kutoka, na impela ya pampu ya maji umeibadilisha juzi. Zima, tizama sehemu ya kuvutia maji chini ya chombo. Mara nyingi ni karatasi ya plastiki imejifunika pale. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na imepungua kweli, lakini vifuko vya mkate, magunia na pakiti bado vyateremka na mitaro mvua za masika zikianza. Na meli zatoa zake. Ukiwa na abiria katikati ya mkondo Likoni na injini imezima, meli ya kontena yaja, hapo ndo utajua plastiki ya mtu mmoja yafanya nini. Futa wavu wa chujio kila asubuhi, na uliyoyatoa usiyarudishe majini, manake nimeona mtu akifanya hivo, anafuta chujio alafu anakung'utia ubavuni.

Dalili: umeshusha taka zako vizuri lakini zimeonekana zimetupwa

Hii yaumiza kwa sababu wewe ulifanya haki. Lori lilikuja, ukalipa, ukapewa kikaratasi, na baadaye mapipa yenye jina la chombo chako yako kichakani ama oili yako chafu yauzwa kwa debe kwa watu wa kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa. Mvua ya kwanza imeteremka mtaroni, mtaro umeteremka bahari ile ile.

Chanzo ni bei rahisi. Mbebaji wa taka lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kanuni za taka zataka hivo, na lori liwe na hati ya kufuatilia mzigo inayotaja unakotoka na unakokwenda. Omba kuona leseni, tarehe yake, na kama yaruhusu oili chafu ama ni ya taka za kawaida tu. Wakala apewe taarifa mapema kabla meli haijafika, aambiwe ni mita za ujazo ngapi za slaji, ngapi za maji ya ngama, ngapi za plastiki, usimshtue siku ya kuondoka manake siku hio atachukua lori lolote lililo karibu na geti. Pima tanki kabla na baada ya kushusha, mbele ya dereva. Risiti iwe na kiasi, tarehe, jina la chombo, muhuri na sahihi, na kiasi hicho kilingane na ulichopima. Ukiona risiti yasema mita 5 na tanki limeshuka mita 3, usitie sahihi, hata kama mwenye lori asema ni kawaida na nahodha ataka kung'oa nanga. Na ile nakala ya mwisho inayotoka mahali taka zilipopokelewa, mwambie wakala aitafute akutumie hata kwa simu, uibandike kwenye daftari kando ya mstari wa siku ile.